UZI: Tangi dogo la maji ya chumvi Nairobi, tunayatunzaje maji mpaka yatulie?

Chumvi_SouthB (mwanzilishi wa uzi)

Habari zenu nyote. Wiki hii watu watatu wameniandikia faraghani jambo lilelile: wamenunua tangi dogo, wametia maji ya chumvi, wameweka samaki, na kabla ya siku kumi samaki wamekufa. Nimeona niandike hapa hadharani, kwa sababu kila nikifikiria wale samaki nasikia uchungu, na jambo lenyewe linazuilika.

Tangi langu ni la lita 60, lipo sebuleni South B, ghorofa ya tatu. Lina miezi kumi na minne. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 50. Hiyo tofauti iandike pembeni, maana kila hesabu ya chumvi na dawa inaanzia hapo.

Kilichowaua samaki wa wale watatu hakikuwa ugonjwa. Tangi jipya halina bakteria wa kutosha. Samaki akila na kunya, na chakula kikioza, hutoka amonia. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe na mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina sumu kali na unaweza kuitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huongezeka polepole. Wape wiki nne hadi sita. Hakuna njia ya kuwaharakisha ikawa siku tatu.

Na kwa sisi wa maji ya chumvi amonia ni kali zaidi kuliko kwa wenzetu wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Sababu ni pH, kipimo kinachoonyesha kama maji yana asidi au la. Maji ya bahari yako kwenye 8.1 mpaka 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa ile yenye sumu. Kwenye pH 7 sehemu hiyo haifiki hata asilimia 1, kwenye 8.2 inafika kama asilimia 7. Mtu aliyewahi kufuga samaki wa maji baridi anaona kipimo kilekile cha amonia alichozoea, anatulia, kumbe samaki anaungua matamvua.

Mimi nilianza bila samaki. Nilikwenda City Market nikanunua kamba wachache, nikakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikakifunga kwenye kitambaa chembamba na kukizamisha. Kioze chenyewe. Daftari langu linasema hivi: siku ya 5, amonia 0.5 mg kwa lita. Siku ya 11, amonia 2, nikakitoa kile kipande. Siku ya 18, amonia 1, nitriti imeonekana. Siku ya 27, amonia sifuri, nitriti imepanda hadi rangi ya mwisho kwenye kadi ya vipimo. Siku ya 36, zote mbili sifuri, nitrati 20. Nikabadilisha karibu nusu ya maji, nikasubiri siku tatu, ndipo nikaweka konokono wawili. Samaki wa kwanza aliingia wiki ya saba.

Wiki tano za kutazama mawe na maji matupu si rahisi, hasa mtoto akikuuliza kila jioni samaki wako wapi. Lakini sijapoteza samaki hata mmoja tangu hapo. Nilipoteza konokono, na hiyo nitaieleza, maana kosa lilikuwa langu na ndilo ninaloliona sana hapa mjini.

Kijana_Umoja

Shukrani ndugu. Mimi ni mmoja wa hao watatu, sioni aibu kusema. Swali: maji ya kuchanganyia chumvi unatoa wapi? Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, siku nyingine tunanunua ya boza, na sijui limechotwa wapi.

Chumvi_SouthB

Pole sana kwa samaki wako, ndugu.

Maji ya mfereji ya Nairobi mengi hutoka bwawa la Ndakaini na Sasumua, huko milima ya Aberdare. Ni maji laini, si mabaya kwa kunywa, lakini yametiwa klorini, na klorini inaua wale bakteria unaowalea. Ya boza mara nyingi ni ya kisima cha kuchimbwa, na visima vingi vya Nairobi vina floraidi na madini mengine mengi. Hayo usiyatie kabisa.

Tumia maji yaliyochujwa kwa RO, yaani chujio linaloondoa karibu madini yote. Karibu kila mtaa siku hizi una duka la kujaza maji ya kunywa, mtungi wa lita 20. Wengi wana mashine ya RO kweli. Ila usiamini kibao cha dukani. Nunua kile kipimo kidogo kama kalamu kinachosoma TDS, yaani madini yaliyoyeyuka. Maji mazuri yasome chini ya 5. Mimi nilinunua mahali pamoja miezi mitatu bila kupima, huku mwani wa kijani unanishinda, nafuta kioo kila asubuhi. Siku nilipopima, kalamu ilisoma 140. Chujio lao lilikuwa limechoka. Nilihama duka, na mwani ukapungua ndani ya mwezi mmoja. Sasa natembea na kalamu mfukoni, napima mbele ya muuzaji kabla sijalipa, na hakuna aliyewahi kukasirika.

Ukikwama kabisa, maji ya betri ya kwenye kituo cha petroli yanaweza kukuokoa kwa lita chache, mradi yawe maji safi yaliyoondolewa madini na si yale yenye asidi. Soma lebo mara mbili.

BintiTudor

Kaka, mimi ni wa Mombasa, nakaa Nairobi kikazi. Kwa nini tujisumbue kununua chumvi ya pakiti ilhali bahari ipo? Nikienda nyumbani nakuja na jerikeni mbili. Au basi tununue chumvi ya kawaida ya dukani, si inatoka bahari hiyohiyo, Gongoni kule?

Chumvi_SouthB

Dada, maswali mazuri yote mawili. Naanza na la pili.

Chumvi ya dukani inatoka baharini, ni kweli, lakini haikutoka na bahari yote. Maji yakianikwa kwenye mashamba ya chumvi, kalsiamu hutangulia kuganda na kushuka. Kisha hushuka ile chumvi tunayokula. Magnesiamu na potasiamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho, ambayo hayaingii kwenye pakiti. Kwa hiyo ukiyeyusha ile chumvi tena hupati bahari. Unapata maji ya chumvi tu, tena yenye madini ya joto yaliyoongezwa kwa ajili yetu sisi tunaokula. Konokono na kamba hawawezi kuishi humo. Lazima iwe chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya baharini, yenye kalsiamu karibu 400 hadi 450 na magnesiamu karibu 1,300 mg kwa lita ikishachanganywa.

Kuhusu maji ya bahari yenyewe: yanafaa sana, ukiyachota mahali sahihi. Si kwenye mkono wa bahari penye mitaa na mitaro. Chota nje, maji yakiwa yamejaa, na si baada ya mvua kubwa. Unajua mwenyewe jinsi Sabaki unavyogeuza bahari ya Malindi kuwa rangi ya udongo wakati wa masika; maji yale hayana hata chumvi ya kutosha. Jerikeni isiwe iliyowahi kuwa na sabuni wala dawa. Ukifika, yaweke gizani, na upime chumvi kabla ya kutumia.

Lakini fikiria uzito. Jerikeni ya lita 20 ni zaidi ya kilo 20, umeibeba karibu kilomita 480. Kwa tangi langu hiyo ni wiki tatu tu. Mimi ningesema njoo nayo mara moja kwa furaha ya moyo, ila mazoea yako yawe kwenye pakiti.

Na mawe au matumbawe usiokote, dada. Najua wewe hungefanya, nasema kwa wanaosoma kimya. Kisite, Watamu, Malindi na Mombasa ni hifadhi za bahari, kuchukua kitu humo ni kosa. Na matumbawe magumu biashara yake kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini. Mawe makavu yanatosha. Bakteria watayajaza wenyewe.

BintiTudor

Nimekuelewa, asante. Hiyo ya maji machungu sikuwahi kuijua, na nimekulia jirani na bahari.

Mama_Wawili_Ngara

Samahani kwa kuingilia. Mimi nimeshaweka, chumvi ilikuwa sawa mwanzoni, gramu 35 kwa lita. Sasa kila nikipima inapanda na mimi siongezi chumvi. Nimebaki nikishangaa.

Chumvi_SouthB

Mama, hapo ndipo nilipopoteza konokono wangu. Ngoja niseme yote.

Maji yanapopungua kwenye tangi, kinachopaa ni maji matupu. Chumvi haipai. Inabaki ndani kwenye maji machache zaidi, kwa hiyo kipimo kinapanda. Nairobi mwezi wa Januari na Februari hewa ni kavu sana, jua linaingia sebuleni, na tangi langu lilikuwa wazi juu. Lilikuwa linapoteza kama lita 0.6 kwa siku. Niliona mstari wa maji unashuka, nikachukua maji ya chumvi niliyokuwa nimechanganya kwenye ndoo, nikajazia. Kila siku. Kwa wiki mbili. Nilidhani tangi la maji ya chumvi hujaziwa maji ya chumvi.

Piga hesabu. Lita 0.6 mara siku 14 ni lita 8.4. Kila lita ilibeba gramu 35. Niliongeza karibu gramu 294 kwenye lita 50, yaani karibu gramu 6 juu kwa kila lita. Nilikuja kupima kwa sababu konokono walikuwa wamelala mchangani wamepinduka, miguu nje, hawashiki kioo. Rifraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi, ilisoma 41. Nilimwinua mmoja nikamweka kwenye kiganja, kifuniko chake hakikufunga. Watatu walikufa. Samaki alihimili.

Kwa hiyo: maji yakipungua kwa kupaa, jazia maji matupu ya RO. Maji ya chumvi unayaweka tu pale ulipotoa maji ya chumvi, yaani siku ya kubadilisha. Bandika utepe kwenye kioo mahali mstari wa maji unapotakiwa kuwa, na kila asubuhi jaza mpaka hapo. Mimi najaza kabla ya chai. Na tafuta kifuniko cha kioo au cha wavu mwembamba, ukiacha nafasi ya hewa.

Kwako sasa, usishushe kwa siku moja. Nilitoa lita 2 za maji ya tangi na kuweka lita 2 za RO kila siku, kwa siku nne, ikarudi 35. Samaki huvumilia kushuka kuliko kupanda, lakini konokono na kamba hawapendi mshtuko wa upande wowote.

Jambo jingine: rifraktomita yako umeisawazisha kwa kutumia nini?

Mama_Wawili_Ngara

Kwa maji ya RO, ikawa sifuri kama karatasi ilivyosema.

Chumvi_SouthB

Sifuri inaweza kuwa sahihi na 35 ikawa si sahihi. Nunua kichupa kidogo cha maji ya kusawazishia yenye 35 kamili, usawazishe kwa hicho. Yangu ilikuwa inakosea kwa 2.

FundiStima

Swali la kitaalamu kidogo. Nina tangi la lita 40, vipimo vyote viko sawa, amonia sifuri, nitriti sifuri, chumvi 35, joto 26. Lakini asubuhi samaki wanahema karibu na uso wa maji. Nikiwasha taa, baada ya saa chache wanatulia. Pampu ipo, iko chini kabisa nyuma ya jiwe.

Chumvi_SouthB

Fundi, hapa Nairobi inabidi tujipime wenyewe, si kwa vitabu vya watu wa pwani.

Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Oksijeni inayoweza kuyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya bahari yenye joto la 25, kule pwani, yanaweza kushika kama 6.7 mg kwa lita. Hapa yakijaa kabisa ni kama 5.5. Na maji ya chumvi tayari hushika kidogo kuliko maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo samaki wetu wanaanza siku wakiwa na akiba ndogo. Usiku taa zimezimwa, mwani hautoi oksijeni, nao unaitumia, bakteria wanaitumia, samaki wanaitumia. Alfajiri ndiyo saa mbaya zaidi.

Inua pampu. Ielekeze juu mpaka uso wa maji uvunjike na kutikisika, usiwe kama kioo. Usiku weka jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya hewa majini. Na punguza joto, 26 haina haja. 25 inatosha, maji yenye joto kidogo hushika oksijeni zaidi kuliko ya moto.

Stima ikipotea ni mbio za saa chache. Weka pampu ya hewa ya betri karibu na tangi, si kabatini. Usilishe siku hiyo. Ukikosa pampu, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kila dakika chache. Nimewahi kufanya hivyo mpaka saa nane usiku, na samaki waliamka wazima.

FundiStima

Nimeinua pampu jana jioni. Leo asubuhi hakuna aliyekuwa juu. Lakini pH yangu asubuhi inasoma 7.8. Niongeze ile dawa ya kupandisha pH?

Chumvi_SouthB

Usiongeze kitu bado. Dirisha la chumba lilikuwa limefungwa usiku?

FundiStima

Limefungwa, kuna baridi. Na jikoni ni hapohapo.

Chumvi_SouthB

Basi jaribu hivi. Chota glasi ya maji ya tangi, nenda nayo barazani, weka jiwe la hewa ndani kwa saa moja, kisha pima. Ikipanda kufika 8.1 au zaidi, maji yako hayana kasoro. Hewa ya chumba ndiyo imejaa kaboni dioksidi ya watu na ya gesi ya kupikia, ikaingia majini na kuyafanya kuwa na asidi kidogo. Dawa yake ni dirisha. Isipopanda, pima alkali. Inatakiwa kuwa kati ya 8 na 12 dKH, ndicho kipimo cha alkali. Ile kazi ya bakteria kugeuza amonia hula alkali polepole, na tangi ambalo halibadilishwi maji huishiwa.

Mimi sipendi dawa za kupandisha pH. Zinapandisha leo, kesho inashuka, na samaki anayumbishwa.

FundiStima

8.2 barazani. Nimefungua dirisha la juu. Asante sana, mzee.

Kijana_Umoja

Nami narudi. Kubadilisha maji, wengine wanasema asilimia 10 kila wiki. Nitrati yangu ya lile tangi la kwanza ilikuwa 60. Je, asilimia 10 itaishusha?

Chumvi_SouthB

Haitaishusha upesi, na watu wengi hukata tamaa hapo. Tuseme tangi lako linazalisha nitrati 2 kwa wiki. Ukitoa asilimia 10 kila wiki, itatulia ikiwa karibu 20, haitashuka zaidi ya hapo hata ukiendelea mwaka mzima. Ukitaka 10, ama ubadilishe asilimia 20, ama ulishe nusu. Kulisha nusu ni rahisi zaidi. Samaki wawili wadogo wanatosheka na kile wanachomaliza ndani ya dakika moja.

Kwa 60, badilisha asilimia 30 leo, 30 baada ya siku nne, kisha nyingine. Maji mapya yawe na joto lilelile na chumvi ileile. Changanya jana yake kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni. Tia chumvi kwenye maji, usitie maji kwenye chumvi, la sivyo kalsiamu inaganda, utaona ndoo imekuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa na haiyeyuki tena. Gramu 35 hadi 38 kwa lita, kutegemea pakiti. Pampu izungushe usiku kucha.

Na kipimo cha nitrati, tikisa ile chupa ya pili kwa nguvu hadi mkono uchoke. Unga hutulia chini. Usipoitikisa kitasoma kidogo na utadhani uko salama. Tena nitriti ikiwa bado ipo, kipimo cha nitrati hudanganya kwa kupanda juu, kwa hiyo usikiamini kabla nitriti haijafika sifuri.

Mama_Wawili_Ngara

Yangu imefika 36. Konokono mmoja aliyekuwa amelala amepanda kioo leo. Sijui niseme nini. Ila mchanga na mawe yamefunikwa na vumbi la kahawia.

Chumvi_SouthB

Nimefurahi kweli, mama. Hilo la kahawia ni mwani wa mwanzo, karibu kila tangi jipya hulipata kati ya wiki ya tatu na ya nane. Lipanguse kwa brashi laini siku ya kubadilisha maji, usitie dawa. Huyo konokono atalila pia.

Tafuta hita kabla ya Juni, wati 100 inakutosha. Julai usiku tangi langu lilishuka hadi 21 siku hita ilipokufa.

Kijana_Umoja

Wakuu, taarifa. Nimeanza upya kwa kipande cha kamba kama ulivyosema. Leo ni siku ya 33. Amonia sifuri, nitriti kama 0.25, nitrati siiangalii bado. Chumvi 35, joto 25, maji ya RO yanasoma 3. Jumamosi nipo huru, naweza kwenda kuchukua samaki?

Chumvi_SouthB

Jumamosi hii bado. Nitriti ikifika sifuri, tia amonia kidogo tena, chakula cha kujaa vidole viwili kinatosha, uache kioze kwa siku mbili tatu. Pima kila siku. Amonia na nitriti zikibaki sifuri, badilisha nusu ya maji, kisha uniandikie. Konokono wangu wamezaana, nitakupa wawili. Njoo na ndoo yenye kifuniko, na uje asubuhi kabla jua halijawa kali.